Kwa Nini Kofia Inaishinda Kanzu kwa Bei

Kila Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, dukani swali ni lile lile. Mteja ameshachagua kanzu, ameijaribu, amekubali bei bila maneno mengi. Kisha anaelekeza kidole kwenye baraghashia iliyomo ndani ya kabati la kioo, anatajiwa bei, anacheka. Anadhani anataniwa. "Kaka, kitambaa chenyewe hiki hakifiki hata robo ya kanzu!"

Hajakosea. Kanzu ya mtu mzima inakula mita tatu na ushee. Kofia haimalizi nusu mita, hata ukihesabu na tabaka la ndani. Lakini baraghashia ya mkono, ile iliyotobolewa na kushonwa kitundu kwa kitundu, huuzwa kwa bei ya kanzu mbili au tatu, na ziko zinazopita hapo. Pembeni yake ipo nyingine, ya mashine, ukiiona kwa mbali utasema ni pacha wake, na bei yake ni ya sahani ya pilau. Mteja akiziona zote mbili zimekaa rafu moja ndipo anapochanganyikiwa kabisa.

Kazi yangu ni nguo. Nashona sare, natengeneza fulana na kapelo za shughuli, na msimu wa sikukuu nauza kanzu na kofia zake. Hesabu hizi nazifanya kila mara, na sioni kuwa tatizo la mteja ni ubahili. Anapima kwa macho, kama tulivyofundishwa wote: suruali ya mtoto bei chini, ya baba yake bei juu, gauni refu bei juu zaidi. Kwa nguo kipimo hicho kinafaa, maana ukinunua nguo unanunua kitambaa, na juu yake kidogo unamlipa fundi. Kwenye kofia mambo yamegeuka. Unamlipa fundi, na juu yake kidogo ndiyo unanunua kitambaa.

Nianze na nguo, maana ndiyo rahisi kueleza. Wenye viwanda hukadiria kuwa kwenye fulana au shati la kawaida, kitambaa peke yake huchukua asilimia 60 hadi 70 ya gharama ya kutengeneza. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa mishahara, uzi, vifungo, umeme, pango na faida. Ndiyo maana pamba ikipanda bei kwenye soko la dunia, fulana nazo zinatikisika. Na ndiyo maana mwenye kiwanda akitaka kubana matumizi, kitu cha kwanza kugusa ni uzito wa kitambaa: fulana iliyokuwa ya gramu 180 kwa mita ya mraba inashushwa hadi 140, na mvaaji anakuja kushtuka baadaye, ikishafuliwa mara chache na kuanza kuonesha singlendi.

Mkono wa mtu kwenye fulana una kazi ndogo. Vipande vyenyewe ni mbele, nyuma, mikono miwili na ukanda wa shingo. Majora yanatandazwa mezani tabaka juu ya tabaka, makumi ya tabaka, kisu cha umeme kinapita mara moja, na rundo zima la migongo limeshapatikana. Oveloki inaunga mabega, mikono na ubavu, mashine nyingine inapinda pindo, basi. Kiwandani, ambako kila fundi ana mshono wake mmoja anaourudia kutwa nzima, kushona fulana moja ni suala la dakika chache. Na kikubwa kuliko vyote, fulana ni kitu bapa. Inakatwa ikiwa bapa, inashonwa bapa, inapigwa chapa bapa, inapigwa pasi bapa, inakunjwa na kutiwa kwenye mfuko ikiwa bapa vile vile. Karibu mashine zote za nguo zimebuniwa kwa kutegemea jambo hilo moja.

Kichwa cha mtu si bapa, na gharama ya kofia inaanzia hapo.

Chukua kapelo yoyote uliyonayo nyumbani uigeuze ndani nje. Utaona pande sita, kila moja ina umbo la pembetatu yenye mbavu zilizopinda, zote zinakutana utosini. Mishono inayoziunga imefunikwa kwa utepe kwa ndani ili isikwaruze kichwa. Kila upande una tundu la hewa lililozungushiwa uzi. Pande mbili za mbele zimeungwa na kitambaa kigumu ili zisimame. Utosini kuna kitufe kilichovishwa kitambaa, na hicho hakikuwekwa kwa urembo: ncha sita zikikutana sehemu moja lazima pabaki kavimbe, kwa hiyo pakafichwa. Ukingo wa mbele una kitambaa juu, kitambaa chini, na plastiki katikati (zamani ilikuwa kadibodi, ndiyo maana kapelo za zamani zilikuwa zikifuliwa mara moja zinakufa), kisha mistari ya mishono sita mpaka minane inayofuata pinda la ukingo. Kwa ndani kuna utepe wa jasho unaozunguka kichwa kizima. Nyuma kuna mkanda na kishikizo chake.

Jumla ni karibu vipande ishirini, kwenye kitu kisichozidi gramu mia moja. Fulana ya mtu mzima ina gramu 150 hadi 200 na vipande vitano. Hata hujafika kwenye nembo, tayari idadi ya mara ambazo kitu kimeshikwa, kimegeuzwa na kupitishwa chini ya sindano ni kubwa mara kadhaa.

Halafu kuna suala la kukosea. Fundi akipotoka milimita mbili kwenye ubavu wa shati, hakuna atakayejua mpaka Kiyama. Kwenye kapelo, ukipotoka milimita mbili kwenye kila mshono, na mishono ni sita, umeshapoteza au kuongeza milimita kumi na mbili kwenye mzunguko wa kichwa. Hiyo ni zaidi ya saizi nzima. Kofia za besiboli za Marekani zisizo na mkanda wa nyuma, kama ile 59Fifty ambayo kampuni ya New Era ilianza kuitengeneza mwaka 1954, hupanda saizi kwa sehemu moja ya nane ya inchi ya kipenyo, na ukiigeuza kwenye mzunguko unapata kama sentimita moja tu. Kati ya kofia inayokaa na inayobana mpaka kichwa kinauma, tofauti ni upana wa kidole kidogo. Mkanda wa nyuma ulioko kwenye kapelo zetu nyingi umemwondolea mwenye kiwanda mizigo miwili: fundi anasamehewa makosa madogo, na mwenye duka haweki saizi saba za kitu kimoja. Ukikuta kofia haina mkanda, ujue mtu fulani amelipia usahihi huo, na sasa anakuletea bili.

Cherehani za kawaida nazo hazitoshi. Fundi yeyote wa mtaani akiwa na cherehani na oveloki anaweza kukushonea shati, suruali, gauni, hata koti. Kapelo inataka mashine ambayo sehemu yake ya kushonea imeinuka kama nguzo ili kitu cha mviringo kiweze kuizunguka, na ikishashonwa inataka kuvikwa kwenye kichwa cha chuma chenye moto na mvuke ili ipate umbo. Mafundi ninaowajua wenye vifaa hivyo ni wa kutafuta kwa tochi. Wengi wetu tunanunua kapelo tupu zilizotoka China, tunaongeza nembo, tunauza. Kwa hiyo bei ninayomtajia mteja imeshabeba faida ya kiwanda cha kule, ya msafirishaji, ya mwagizaji wa Kariakoo, kisha ndiyo yangu.

Nembo yenyewe ni hadithi nyingine. Kwenye fulana tunapiga chapa: wino, fremu ya kitambaa cha wavu, mpira wa kuvutia wino, sekunde kadhaa, imekwisha, leta nyingine. Kwenye kapelo watu wanataka darizi, na darizi inahesabiwa kwa mishono. Nembo ya kawaida ya mbele ina mishono kati ya 5,000 na 10,000. Mashine ya kompyuta ikidarizi kofia huendeshwa taratibu kuliko ikidarizi kitambaa kilicholala, kwa sababu kofia imefungwa kwenye fremu ya mviringo inayoyumba. Tuseme inakwenda mishono 700 kwa dakika. Nembo ya mishono 8,000 itachukua zaidi ya dakika kumi na moja, na hapo sijahesabu kubadili rangi za uzi, uzi kukatika, wala kuvua kofia moja na kuvisha nyingine. Katika dakika hizo mpiga chapa mwenye mkono mwepesi ameshamaliza rundo la fulana na ameanza kuulizia chai.

Zaidi ya hapo, kabla mashine haijatia mshono wa kwanza lazima mtu akae kwenye kompyuta aigeuze nembo kuwa mishono: uzi uanzie wapi, uelekee upande gani, usongamane kiasi gani. Kazi hiyo inalipwa mara moja tu, ziwe kofia kumi au elfu moja. Tuseme ni shilingi 30,000. Ukiagiza kofia 200, kila moja inabeba shilingi 150 za mchoro. Ukiagiza kumi, kila moja inabeba 3,000. Watu wa harusi na vikundi vya wanafunzi wanaomaliza chuo huwa wanakuja na oda ya kumi na tano, kisha wananilinganisha na bei waliyoiona benki fulani ikilipa kwa kofia elfu mbili. Hatuwezi kukutana.

Na hapa kuna mtu atauliza: mbona kofia za kampeni zinagawiwa bure kama karanga? Kila uchaguzi zinamwagwa kwa malori, pamoja na kanga na fulana. Ukiishika moja utaona jinsi gharama ilivyokwepwa hatua baada ya hatua. Pande mbili za mbele zimekuwa moja, kwa hiyo mshono wa katikati haupo. Mbele ni sponji nyembamba, nyuma ni wavu wa plastiki, kwa hiyo matundu ya hewa hayahitaji kushonwa. Hakuna darizi. Nembo na picha ya mgombea vimepigwa chapa kwenye kipande cha mbele kabla hakijashonwa, kingali bapa. Hiyo ndiyo hila yote: walifanya kila linalowezekana kazi ifanyike kabla kofia haijawa kofia. Zidisha na idadi kubwa ya oda, zote rangi moja na saizi moja, na unapata kitu kinachoweza kugawiwa bure.

Kofia za sufu ngumu, zile za pama ambazo wazee wetu walizivalia suti, sitazieleza kwa urefu kwa sababu huku karibu hazitengenezwi, lakini zinathibitisha jambo lile lile kwa upande mwingine. Hazina mshono. Manyoya ya sungura, au ya biva, mnyama wa mtoni, kwa zile za bei mbaya, yanalowekwa, yanapigwa mvuke, yanasongwa mpaka yanashikana na kusinyaa, kisha yanavutwa juu ya kalibu ya mbao. Kila saizi na kila mtindo una kalibu yake, na zote lazima ziwepo kiwandani hata kama mwaka huu saizi ile wamenunua watu wawili. Kwa muda mrefu sehemu ya gharama ya kofia hizo haikuonekana kabisa kwenye bei, maana waliilipa mafundi kwa miili yao: manyoya yalikuwa yakiandaliwa kwa dawa yenye zebaki, na mafundi wakapata mitetemeko na kuharibika akili. Marekani iliacha kuitumia kwenye kazi hiyo mwaka 1941. Huwa nalikumbuka hilo kila nikisikia mtu anasifia kofia za zamani kuwa zilikuwa nzuri na rahisi.

Usafiri nao una mambo yake. Fulana ukizikunja na kuzikandamiza zinakubali, na ukifika unazipiga pasi. Kofia yenye ukingo mgumu ukiikandamiza umeiua. Kwa hiyo inasafiri na hewa yake, na hewa hiyo inalipiwa. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito au kwa ukubwa, kile kilicho juu. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 lina sentimita za ujazo 96,000. Mashirika ya ndege hugawa kwa 6,000, unapata kilo 16. Ukilijaza fulana zilizobanwa vizuri, pengine linakaribia uzito huo kwa kweli, kwa hiyo unalipia mzigo wako. Ukilijaza kofia za pama chache zenye uzito wa kilo nne, bado unatozwa kilo 16. Kapelo zina nafuu kwa sababu zinaingiana, moja tumboni mwa nyingine, na ndiyo sababu mojawapo iliyozifanya zitawale dunia.

Forodhani hakuna huruma kwa upande wowote. Kofia zina sura yake kwenye kitabu cha ushuru, ya 65, wakati nguo ziko kwenye 61 na 62. Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza kutumia kiwango kipya cha asilimia 35 ili kulinda viwanda vya ndani, nguo na kofia zote zilitajwa. Tofauti ni kwamba upande wa nguo tuna mafundi kila kona, na tuna mitumba ya kushusha bei. Kofia ya mtumba ipo, lakini wengi wanaona kinyaa kuvaa jasho la kichwa cha mtu mwingine.

Sasa nirudi kwenye ile baraghashia, maana hapo hakuna mashine, hakuna forodha wala boksi la ndege, na bado bei ndiyo kubwa kuliko zote.

Mama yangu mdogo anashona kofia, Unguja. Hakuanza kwa biashara, aliwashonea kaka zake, kisha mumewe, kisha watu wakaanza kuulizia. Nimekaa naye barazani vya kutosha kujua kazi inakwenda vipi, ingawa sindano sijawahi kuishika kwa maana. Kofia ina vipande viwili: duara la juu na ukanda wa pembeni. Kitambaa ni pamba nyeupe, tabaka mbili. Pambo linachorwa kwa penseli, na wapo watu ambao kazi yao ni kuchora tu, wanasifika kwa hilo. Kisha sindano inaingia. Kila kitundu kinatobolewa kwa kuzisukuma nyuzi za kitambaa pembeni bila kuzikata, na ukingo wake unazungushiwa uzi, mshono ukigusana na mshono, mpaka tundu linabaki wazi, duara kamili, dogo kama punje ya mtama. Vitundu ni mamia kwa mamia. Katikati yake, uzi unapenyezwa baina ya tabaka mbili na kuzuiwa kwa mishono midogo, ndiyo ile mistari iliyoinuka unayoihisi ukipitisha kidole. Mistari hiyo inaifanya kofia isimame, na vitundu vinapitisha hewa, kitu ambacho mtu anayetembea Mji Mkongwe mchana wa Januari atakithamini.

Vipande vikishakamilika vinaungwa, na hapo hakuna mkanda wa nyuma wa kumsamehe mtu. Imekaa au haikukaa. Kisha inafuliwa kutoa alama za penseli na uchafu wa mikono, inatiwa wanga, inavishwa kwenye kalibu, inaachwa ikauke na umbo lake. Na hiyo si mara ya mwisho: kila mwenye nayo ataifua na kuitia wanga upya maisha yake yote, au atamlipa mtu amfanyie. Kanzu unaitupa kwenye ndoo na nguo nyingine.

Muda? Kofia ya kazi nyepesi ni wiki kadhaa. Ya kazi nzito ni miezi. Haishonwi usiku kwa taa hafifu, kwa sababu macho hayaoni nyuzi nyeupe juu ya kitambaa cheupe, na haishonwi kutwa nzima kwa sababu mgongo na vidole vinakataa. Inashonwa katikati ya kupika, kulea na kuuza maandazi.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtu ashone masaa matatu kwa siku kwa miezi miwili: masaa 180. Tuseme mchuuzi anamlipa 90,000. Hata tusipoondoa gharama ya kitambaa na uzi, ni shilingi 500 kwa saa. Mchuuzi anaileta mjini, anaweka chake, mimi naweka changu, na inapofika kwenye kabati la kioo mteja anaona bei anacheka. Mtu huyo huyo akimwita fundi bomba nyumbani kwake kwa nusu saa hacheki. Kwa hiyo nikisikia "kofia ghali" huwa nashindwa kukubali hata kidogo. Ghali kwa nani? Kwa aliyeishona ni kazi ya bei rahisi kuliko karibu kila kitu kinachouzwa dukani kwangu, na sababu pekee ya kofia hizi kuendelea kuwepo ni kuwa wanaozishona hawaihesabu saa yao kama ninavyoihesabu mimi hapa. Siku mabinti zao watakapoanza kuihesabu, na wameshaanza, zitapatikana kwa kuagiza tu, kwa wenye uwezo.

Wenzetu wa Oman wamefika huko kitambo. Kofia hii kwao ni kumma, wanaivaa kila siku, na uhusiano wake na Zanzibar wanaujua vizuri. Wanawake wa Kiomani wapo bado wanaozishona majumbani, lakini sehemu kubwa ya mahitaji ya soko lao imehamia mbali: vijijini Bangladesh, sehemu za Naogaon na Rangpur, wanawake hushona kofia za mkono kwa ajili ya soko la Oman. Mchoro na kitambaa vinawafuata kule, kofia zinarudi zimekamilika. Ukiwa na kitu ambacho gharama yake ni kitambaa, unahamia kwenye pamba. Gharama ikiwa ni saa za watu, unahamia kwenye watu ambao saa yao inauzwa chini. Toquilla ya Ecuador, ile kofia ya majani ambayo dunia inaiita ya Panama, imeng'ang'ania kwao, na UNESCO iliingiza ufumaji wake kwenye orodha ya urithi mwaka 2012. Kofia moja inaweza kufumwa kwa siku moja au kwa miezi minane, kutegemea wembamba wa majani. Malighafi ni yale yale. Siku moja na miezi minane.

Ile ya mashine je? Sina ugomvi nayo, naiuza. Mashine moja yenye vichwa vingi inadarizi kofia nyingi kwa mpigo, tena ikifanya hivyo kabla vipande havijaungwa, vingali bapa. Kama unataka kuzitofautisha, inyanyue uitazame dhidi ya mwanga. Ya mkono utaona mwanga umepenya kwenye kila kitundu. Ya mashine, nyingi zina picha ya kitundu, uzi umezunguka lakini katikati kumeziba. Kisha igeuze: ya mashine kwa ndani ina nyuzi za chini zilizolala kwa mpangilio mmoja usiochoka.

Kanzu nayo ikiingiwa na mkono inabadilika. Kanzu ya shingo iliyodariziwa kwa mkono, au joho la kasabu la bwana harusi, bei yake haifuati mita tena. Inafuata kanuni ya kofia, na mteja hacheki kwa sababu anaona ukubwa wa vazi na macho yake yanaridhika, ingawa kilichopandisha bei ni shubiri mbili tu za kazi kifuani.

Wapo wanaotaka ya mkono na mfuko hauruhusu. Hao huwa nawaambia wasiombe punguzo, waombe kazi ipungue. Bei iko kwenye vitundu, kwa hiyo vitundu ndivyo vya kupunguza: pambo likae kwenye ukanda wa pembeni, mbele na nyuma tu, na duara la juu libaki na mistari mitupu, kwani juu ya kichwa chako wataona warefu peke yao. Mama mdogo anazo za namna hiyo na zinatoka haraka. Anayetaka iliyojaa kazi mpaka utosini, asije Ramadhani. Aje baada ya Idi ya kuchinja, alete kipimo cha kichwa kwa futi ya fundi, aache nusu ya pesa, na asipige simu kila wiki kuulizia.